Kufanana kwa magamba si undugu

Kwenye mwani wa fukwe za Uingereza huonekana vidoa vyeupe vya duara, vyenye upana wa milimita chache tu, ambavyo mpita njia hudhani ni konokono wachanga. Hiyo ni mirija ya chokaa iliyojisokota, na katika kila mmoja anaishi mnyoo wa jenasi ya Spirorbis au jamaa zake. Ninashikilia kwamba mnyoo huyu asipewe jina kwa umbo la mrija wake peke yake. Mrija una la kusema: wa Spirorbis spirorbis hujipinda kushoto, wa Janua heterostropha hujipinda kulia. Lakini wanaojipinda upande mmoja ni wengi, hivyo hapana budi mwenye nyumba atazamwe chini ya hadubini: kizibo anachofungia mlango, vinyweleo vya kifua, na mahali anapoatamia mayai. Spirorbis huyaatamia ndani ya mrija, ilhali Janua huyaatamia ndani ya kizibo chenyewe.

Hasara ya kuridhika na umbo inajulikana. Kwa muda mrefu wanajiolojia walikuta mirija ya namna hii katika miamba yenye makaa ya mawe, wakaiita Spirorbis. Kwa kuwa minyoo hao leo ni wa baharini, jina hilo lilizua utata: ama tope lililounda miamba hiyo lilikuwa la bahari, ama mnyoo huyo aliwahi kuishi kwenye maji baridi. Mwaka 2006, watafiti Paul Taylor na Olev Vinn walionyesha, kwa kuchunguza muundo wa kuta za mirija, kwamba wale wa kale ni mikrokonkidi, kundi jingine kabisa lililotoweka katika kipindi cha Jura ya Kati. Utata ulikuwa umezaliwa na jina.

Watakaopinga watasema kisukuku hakina mwili wa kuchunguza. Ni kweli, lakini ukuta uliochunguzwa kwa makini ulitoa jibu ambalo umbo lilificha. Na ushahidi unapokoma, ni heri kutaja kundi kuliko kubahatisha spishi. Wengine watasema DNA imemaliza kazi. Hata hivyo, DNA hulinganishwa na sampuli iliyokwisha kutambuliwa na mtu aliyemkagua mnyoo. Akikosea huyo, mashine itarudia kosa lake kwa uaminifu.