UCHAMBUZI: Pengo la Mbotela na Afcon ya 2027

KIFO cha Leonard Mambo Mbotela, Februari 7, 2025, kiliacha pengo ambalo runinga haiwezi kuliziba.

Nguli huyo, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, aliwatangazia soka watu wasiouona uwanja. Msikilizaji wa kijijini alijua gozi liko upande gani na nani analo.

Wengi humkumbuka kwa kipindi "Je, Huu ni Uungwana?" au kwa kulazimishwa na wanajeshi kutangaza mapinduzi ya Agosti 1, 1982. Hata hivyo, umahiri wake ulidhihirika uwanjani, ambako hapana maandishi ya kusoma.

Watangazaji wengi siku hizi hupiga soga mpira ukiendelea, kana kwamba kila msikilizaji ana runinga.

Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa uenyeji wa Afcon 2027. Vituo vya redio visipowanoa vijana mapema, mashabiki wa mashambani wataambulia matokeo tu.