Majumba ya Kale Yawataje Waliotumikishwa

Aghalabu mgeni aizurupo Carnton, jumba la mwaka 1826 lililokarabatiwa mjini Franklin katika jimbo la Tennessee, Marekani, macho yake huvutwa na sakafu. Madoa ya damu yangalimo mbaoni tangu Novemba 30, 1864, mapigano ya Franklin yalipolifanya jumba hilo kuwa hospitali ya majeruhi. Nje yapo makaburi ya askari wa Kusini wanaokaribia 1,500, waliozikwa upya mwaka 1866 katika ardhi iliyotolewa na wenye jumba, John na Carrie McGavock.

Hayo yote yanastahili kuhifadhiwa. Hata hivyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilizuka kwa sababu ya utumwa, na jumba lenyewe lilitunzwa kwa jasho la watumwa. Mmoja wao, Mariah Reddick, alitolewa kwa Carrie kama zawadi ya arusi. Kwa miaka mingi, majumba ya namna hii Kusini mwa Marekani yaliwaita watu kama yeye "watumishi". Hapo ndipo isimu inapotufaa.

Mtumishi hutumika, yamkini kwa hiari na kwa ujira. Mtumwa, kwa muundo wa neno lenyewe, ni mwenye kutumwa: kiambishi -w- chatuonyesha kwamba anatendwa, ila mtendaji hatajwi. Tukisema "aliyetumikishwa", kiambishi cha kusababisha chatulazimisha kuuliza: alitumikishwa na nani? Swali hilo ndilo linalofichwa na neno "mtumishi".

Franklin imeanza kujibu. Katikati ya mji, uliposimamishwa mnara wa askari wa Kusini mwaka 1899, ilizinduliwa mwaka 2021 sanamu ya askari mweusi aliyepigania Muungano. Mnara wa kale haukuondolewa ili sanamu hiyo ipate nafasi. Simulizi ndiyo iliyoongezwa upande wake wa pili.

Na sisi je? Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwalimu awapelekapo wanafunzi Lamu kutazama nyumba za mawe, huwaonyesha vidaka na milango ya nakshi. Awaulize pia: ni nani aliyechota maji? Ni nani aliyelima mashamba yaliyomtajirisha mwenye nyumba? Wapo watakaodai kwamba maswali hayo yanafukua chuki. La hasha! Kidonda hakitoneshwi kwa kuitwa kwa jina lake. Mwanafunzi asiyefunzwa kuuliza mtendaji ni nani hajaijua historia, wala sarufi hajaijua.