Eti Visiwa Havijaguswa

Kuna aina ya insha ambayo nimeichoka. Ukisoma mbili, umezisoma zote. Mwandishi anapanda ndege kutoka bara la Ekuador hadi Baltra, anapokelewa na meli ndogo ya abiria 16, anakaa humo wiki moja, halafu anarudi kwao na kurasa ishirini kuhusu Galápagos. Humo utakuta iguana weusi wamejianika juu ya miamba ya volkeno. Utakuta ndege wenye miguu ya buluu wakicheza ngoma yao ya uchumba. Utakuta kobe, na mbele ya kobe mwandishi atanyamaza, atamkumbuka Darwin, kisha ataanza kutafakari umri wa dunia. Na mahali fulani, mara nyingi mapema tu, litatokea lile neno: visiwa "visivyoguswa".

Watu hamna. Hilo ndilo linaloniudhi. Katika kurasa zote hizo binadamu mwenye jina ni mwandishi, labda na mwenzi wake, na Darwin aliyekwisha kufa. Mwongoza watalii anaitwa "mwongozaji wetu". Aliyepika, aliyeendesha boti, aliyetandika vitanda wakati wageni wako ufukweni wanapiga picha, hao hawamo kabisa, kana kwamba meli inajipikia yenyewe.

Niseme mapema kwamba sijafika Galápagos na sitajifanya nimefika. Ugomvi wangu si na visiwa, ni na maandishi, na maandishi nimeyasoma.

Galápagos wanaishi watu karibu 30,000. Wapo Santa Cruz, San Cristóbal, Isabela, na wachache Floreana. Puerto Ayora, mji mkubwa kuliko yote, una shule, maduka, teksi, gati la wavuvi ambapo simba-bahari na wari huwania utumbo wa samaki, na maji ya bomba ambayo mtu hayanywi; ya kunywa yananunuliwa. Ni kweli kwamba asilimia 97 ya nchi kavu ya visiwa hivyo ni hifadhi ya taifa, na wakazi wanabanana katika ile tatu iliyobaki. Lakini kubanwa pembeni si sawa na kutokuwepo.

Sasa, mtu anawezaje kukaa wiki nzima asiwaone watu 30,000? Jibu ni meli. Meli ndogo ya kitalii husafiri zaidi usiku. Mgeni analala bahari ikiwa hivi, anaamka mbele ya kisiwa kingine ambacho hakina mkazi. Anashushwa kwa boti, anafuata njia iliyowekewa alama, mwongozaji mmoja kwa wageni wasiozidi 16, mita mbili kutoka kwa kila mnyama. Anarudi, anakula, anaogelea, analala tena. Meli haziruhusiwi kurudia eneo lilelile ovyo. Ratiba zimepangwa na mamlaka ya hifadhi ili makundi yasirundikane. Mjini anapelekwa nusu siku: kituo cha kobe, duka la fulana, basi.

Kanuni zenyewe sina neno nazo, zingine natamani tungekuwa nazo. Ninachosema ni kwamba utupu anaousifu mwandishi ni ratiba. Ameoneshwa mahali pasipo na watu, kwa zamu, kwa saa zilizopangwa, naye anatuandikia kwamba hapana watu. Mwandishi wa habari akipakiwa kwenye gari la waziri, akazungushwa barabara tatu za lami, kisha akarudi kuandika kwamba wilaya nzima ina lami, mhariri wake atamwita pembeni. Kwenye fasihi ya safari mtu huyohuyo anapewa tuzo.

(Boti zile za kushushia wageni, kule zinaitwa panga. Nimecheka peke yangu kila nilipokuta maelezo kwamba watalii wamepandishwa kwenye panga. Lakini hata hapo, anayelishika panga hatajwi.)

Kuna watakaosema insha hizi zinafuata mapokeo, kwamba Galápagos imeandikwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Fungueni vitabu vyenyewe. Darwin alifika Septemba 1835, akiwa na miaka 26, akakaa kama wiki tano. Kwenye kitabu chake cha safari anaeleza makazi aliyoyakuta kwenye kisiwa ambacho leo ni Floreana: watu kati ya 200 na 300, wengi wao weusi na machotara waliofukuzwa Ekuador kwa makosa ya kisiasa. Anaeleza mashamba yao ya ndizi na viazi vitamu. Anaeleza jinsi wanavyowinda nguruwe na mbuzi, na jinsi kobe walivyopungua. Na lile jambo maarufu, kwamba kobe wa kila kisiwa ana namna yake, hakuliona mwenyewe. Aliambiwa na Nicholas Lawson, kaimu gavana, mtu wa pale, ambaye alidai anaweza kumtazama kobe na kusema katoka kisiwa gani. Darwin mwanzoni hakuzingatia sana. Mabaharia wa Beagle walipakia kobe kadhaa na kuwala njiani, magamba yakatupwa baharini. Kuhusu ndege, Darwin hakuwa makini kuandika nani katoka kisiwa gani, na baadaye ilibidi kutegemea mikusanyo ya wenzake chomboni, akiwemo mtumishi wake Syms Covington. Yaani hata huyo mnayemkumbuka mbele ya kobe alifika alipofika kwa macho na mikono ya wengine, na anawataja.

Mchukueni Herman Melville. Alipita pale mwaka 1841 kama baharia wa meli ya kuwinda nyangumi, na mwaka 1854 akachapisha michoro kumi chini ya jina The Encantadas. Huyu visiwa havikumpendeza hata kidogo. Kwake ni majivu na laana. Lakini katikati ya majivu hayo anamweka Hunilla, mwanamke kutoka Payta, Peru, aliyekwenda kisiwani na mumewe na kaka yake kukusanya mafuta ya kobe. Wanaume wanazama mbele ya macho yake. Meli iliyoahidi kuwarudia hairudi. Anabaki na mbwa wake, akihesabu siku kwa kukata alama kwenye mwanzi, mpaka kuna mahali anaacha kuhesabu, na Melville anakataa kutuambia kwa nini. Nimesoma insha nyingi za kisasa zenye picha nzuri za machweo, na sikumbuki hata moja. Hunilla nitazeeka naye. Mtu aliyeviita visiwa hivyo jehanamu ndiye aliyeona kwamba kuna mjane pale.

Halafu kuna Kurt Vonnegut. Riwaya yake Galápagos, ya mwaka 1985, ni hadithi ya safari ya kitalii hasa: meli mpya, Bahía de Darwin, inayosubiri Guayaquil kuwachukua watu mashuhuri waende kutazama wanyama. Uchumi wa Ekuador umeanguka, hotelini wageni wanakula, nje watu wana njaa, na mwishowe meli inaporwa chakula kabla haijang'oa nanga. Ni kichekesho kikali, na Vonnegut hakusoma uchumi ili akione. Alitazama tu meli iliyojaa chakula, akauliza nani amesimama nje ya uzio. Swali hilo la kitoto, waandishi wetu wa sitaha hawajaliuliza mpaka leo.

Kwa hiyo visiwa vitupu si mapokeo. Ni uzushi wa juzijuzi, na umekuja pamoja na tiketi.

Tena ni uzushi unaofuta mambo mazito. San Cristóbal kulikuwa na shamba kubwa la miwa la Manuel J. Cobos, aliyewatumikisha wafungwa na watu wa madeni kwa ukatili hadi wakamuua mwaka 1904. Isabela kulikuwa na gereza kuanzia 1946, ambako wafungwa walilazimishwa kupanga ukuta wa mawe ya volkeno usiokuwa na kazi yoyote, mawe tu juu ya mawe chini ya jua. Wenyeji wanauita Ukuta wa Machozi. Gereza lilifungwa mwaka 1959. Mwaka huohuo Ekuador ilitangaza hifadhi ya taifa. Insha ngapi zimeweka sentensi hizo mbili jirani?

Najua jibu linalokuja: watu ndio walioharibu. Walileta mbuzi, panya, nguruwe, magugu. Ni kweli, na walioanza kuleta walikuwa watu wa meli, maharamia na wawindaji wa nyangumi, waliobeba kobe kwa makumi ya maelfu kwa sababu kobe anakaa hai tumboni mwa meli miezi mingi bila chakula wala maji. Ni kweli pia kwamba wavuvi wa jongoo bahari waligombana vibaya na wahifadhi miaka ya tisini, hadi wakakivamia Kituo cha Utafiti cha Charles Darwin mwaka 1995. Lakini hiyo ni sababu ya kuwaandika watu, si ya kuwafuta. Jongoo bahari wa Galápagos alikuwa anakwenda sahani za Asia, kama wa kwetu. Mvuvi anayekatazwa kuvua mbele ya meli inayopita na wageni waliolipa maelfu ya dola kwa wiki, huyo ana hadithi. Hata akiwa na makosa ana hadithi.

Na hapa ndipo neno "visivyoguswa" linaponichefua kabisa. Nenda Española, kisiwa kinachopendwa sana na meli hizi. Miaka ya sitini na sabini kobe wa Española walikuwa wamebaki 14, majike 12 na madume wawili, wametawanyika kiasi kwamba hawakuwa wanakutana. Wakachukuliwa wote, wakapelekwa Santa Cruz. Dume wa tatu, Diego, akarudishwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Kisha ikaja kazi. Miaka zaidi ya arobaini ya kuokota mayai, kuyapanga kwenye vifaa vya kutotoleshea, kulisha watoto, kuwatia namba, kuwabeba mgongoni kwenye mawe na kuwaachia. Walizalishwa karibu 2,000, na wazee 15 walirudishwa kwao Juni 2020. Kobe wa Española unayempiga picha leo, kama yeye mwenyewe hakuwahi kubebwa na mtu, basi mzazi wake alibebwa. Hakuna kiumbe aliyeguswa kuliko huyo! Isabela ya kaskazini na Santiago zimeota tena majani kwa sababu watu waliua mbuzi zaidi ya 100,000, wengine kwa bunduki kutoka kwenye helikopta. Hiyo nayo ni mikono.

Baadhi ya mikono hiyo ina majina. Fausto Llerena, askari wa hifadhi, alimtunza George wa Pinta, yule kobe wa mwisho wa aina yake, kwa miongo kadhaa, na ndiye aliyemkuta amekufa asubuhi ya Juni 24, 2012. Kituo cha kobe cha Santa Cruz kinaitwa kwa jina lake. Limeandikwa pale wageni wanapopita. Kwenye insha za maombolezo ya George, na ziliandikwa nyingi, George anapewa upweke, falsafa, hata macho ya huzuni. Llerena, akibahatika, anaambulia "mtunzaji wake".

Kwani hili linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kwa sababu tumeanza kuiga. Ninapokea, kama wengi mnaohariri chochote, insha za safari za vijana wetu wenye vipaji, na Kiswahili chao ni kitamu, na ndani ya hicho Kiswahili kitamu Serengeti ni "pori tupu". Mwaka uleule wa 1959, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walitolewa na kuhamishiwa Ngorongoro ili Serengeti iwe tupu. Na si sadfa ya tarehe tu. Rais wa kwanza wa Taasisi ya Charles Darwin, iliyoundwa mwaka huohuo kwa ajili ya Galápagos, alikuwa Mbelgiji Victor Van Straelen, mtu aliyekuwa ameongoza taasisi ya hifadhi za taifa za Kongo ya Wabelgiji tangu miaka ya thelathini. Yaani Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ile ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, ambako wakulima walipoteza ardhi kwa jina hilohilo la asili isiyoguswa. Mawazo nayo yanasafiri kwa meli. Mzungu anayeandika utupu kule Pasifiki anaandika asichokijua. Sisi tunapoandika utupu wa Serengeti, wakati tangu 2022 familia za Ngorongoro zinapakiwa kwenye magari kwenda Msomera, tunaandika kitu tunachokijua vizuri sana.

Sitaki insha za safari zife. Sitaki hata meli zisimamishwe. Kiingilio cha dola 200 kwa mgeni tangu Agosti 2024 kinafanya kazi fulani, na watu wa Puerto Ayora wanaishi kwa wageni hao. Nataka mtu apande meli ileile, siku zilezile saba, na ashuke jikoni. Amuulize mpishi anatoka wapi, analala saa ngapi, mara ya mwisho kuwaona watoto ni lini. Amuulize mwendesha panga kama baba yake alikuwa mvuvi, na alivua nini kabla ya 1998, mwaka lilipotangazwa eneo la bahari la hifadhi. Kobe watakuwa bado wapo akipanda juu. Wana namba kwenye magamba, amuulize aliyeziandika.