Joomla, Jumla na Tovuti ya Shimoni

Mwaka 2005 ilizinduliwa programu ya kusimamia maudhui ya tovuti iliyopewa jina Joomla. Jina hilo ni neno la Kiswahili, jumla, lililovishwa tahajia ya Kiingereza. Mpenzi wa lugha ana haki ya kujivunia. Hata hivyo, jina si huduma.

Uchaguzi wa programu hizi huachiwa mafundi, ilhali kimsingi ni suala la lugha. Mfano mwafaka ni Shimoni, kusini mwa Kwale. Mji huo umepata jina lake kutokana na mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Jamii yenyewe ndiyo inayoyasimamia mapango hayo. Lakini mgeni aendaye Wasini au Kisite huwa amekwisha kusoma habari zake katika intaneti, nazo aghalabu zimeandikwa na wauza safari kwa lugha za kigeni. Pangoni mwenyeji husimulia, mtandaoni husimuliwa.

Basi jamii kama hiyo ikikusudia kujenga tovuti, yafaa iipime programu kwa maswali matatu. Kwanza, je, mtembezi wa wageni ataweza kubadilisha kiingilio au kuongeza simulizi bila kumwita fundi kutoka Mombasa? Hapa WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni nyepesi kuliko Drupal ya mwaka 2001. Pili, maudhui yatahamishika iwapo fundi ataondoka? Programu zote tatu ni huria, hivyo jamii haifungwi na muuzaji mmoja. Tatu, Kiswahili kitakaa sambamba na Kiingereza? Joomla na Drupal zina nyenzo hizo ndani yake. WordPress huhitaji kiambatisho.

Swali la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Tovuti ya lugha nyingi isiyoandikika na wenyewe hufa mapema. Kwa hiyo WordPress yenye kiambatisho inafaa zaidi, mradi Kiswahili kiwe lugha ya kwanza, na Kichifundi kipewe nafasi yake katika masimulizi.

Aidha, vyama vya Kiswahili vyuoni vina wajibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanikisha tafsiri ya OpenOffice kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux. Wanafunzi wa leo wanaweza kuwaandalia wenyeji mwongozo wa Kiswahili sanifu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hataponea hadithi aliyoandikiwa na mwingine.