Paka na Nyama Mbichi: Je, Moto Ndio Wenye Kosa?

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako wafugaji wengi ambao huwalisha paka wao nyama mbichi, pamoja na mifupa na maini, bila kupitisha chochote motoni. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: paka ni mwindaji, na hajapata kuonekana paka aliyempika panya. Msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambako paka wengi hula vichwa vya samaki, matumbo ya kuku au ugali uliochanganywa na dagaa, huenda akaicheka hoja hiyo. Hata hivyo yafaa ichunguzwe, maana ndani yake limo kosa la kufikiri ambalo kila mwalimu wa sayansi amelikuta katika madaftari ya maabara.

Watetezi wa nyama mbichi huegemea sana majaribio ya daktari Francis Pottenger, yaliyofanyika katika jimbo la California kati ya mwaka 1932 na 1942. Pottenger alikuwa akiwatumia paka kupimia nguvu ya dawa zilizotokana na tezi za adrenali. Paka hao walilishwa makombo ya nyama iliyopikwa, na wengi walikufa walipopasuliwa. Idadi yao ilipozidi chakula kilichokuwapo, ikabidi nyama mbichi iagizwe kutoka kwa wachinjaji. Na wale walioila wakastahimili upasuaji kuliko wenzao. Jambo hilo lilimshangaza, naye akaanza majaribio rasmi yaliyowahusu paka wapatao 900. Waliolishwa nyama iliyopikwa walipatwa na udhaifu wa mifupa, meno yaliyopangika vibaya na kuharibika kwa mimba, na hali ilizidi kuwa mbaya kizazi baada ya kizazi.

Aliyoyaona Pottenger hayapaswi kudharauliwa. Kosa limo katika hitimisho ambalo wengi wamelitoa kwayo, kwamba moto huua kitu fulani cha uhai kilichomo katika chakula, na kwa hiyo kila kilichopikwa ni kibovu. Nyama inapopikwa hubadilika kwa njia nyingi kwa wakati mmoja: hupoteza maji, baadhi ya vitamini huharibika, na vitu vingine huyeyuka na kubaki katika mchuzi. Jaribio lililobadilisha mambo yote hayo kwa pamoja haliwezi kusema ni lipi lililomdhuru mnyama.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1975, wataalamu wa Marekani walipoonyesha kwamba paka waliopewa protini ya maziwa peke yake waliharibika retina ya jicho, kwa sababu protini hiyo haina taurini. Taurini ni asidi ndogo iliyomo katika nyama, na kwa wingi zaidi katika moyo. Mwili wa binadamu, na kwa kawaida hata wa mbwa, huitengeneza wenyewe kutokana na asidi amino zenye salfa. Paka huitengeneza kwa kiasi kidogo mno. Tena huitumia bila kupumzika, kwani chumvi zake za nyongo huungana na taurini tu. Kila nyongo inapomwagika matumboni, sehemu ya taurini hupotea na lazima irudishwe kwa chakula. Mimea karibu yote haina kitu hicho. Kwa hiyo ugali peke yake humshibisha paka bila kumlisha.

Taurini huyeyuka upesi katika maji. Nyama ikichemshwa na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya taurini huenda na maji hayo, ingawa moto wenyewe haukuiteketeza. Wakati wa Pottenger hakuna aliyejua kwamba paka huihitaji, na yamkini upungufu wake unaeleza sehemu kubwa ya aliyoyaona.

Wala wenye viwanda hawana la kujivunia. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa kutanuka na kulegea kwa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, ingawa walikula vyakula vya viwandani vilivyodhaniwa kuwa kamili. Walipoongezewa taurini, wengi walipona. Ndipo viwanda vikaongeza kiasi cha taurini katika vyakula vyao.

Sasa na itazamwe nyama mbichi yenyewe. Panya mzima ni chakula kilichokamilika: ana mifupa, ini, moyo, damu na maji. Lakini steki ya buchani si panya. Nyama tupu ina fosforasi takriban mara 20 ya kalsiamu, na mtoto wa paka anayeila bila kitu kingine hulazimika kuichota kalsiamu katika mifupa yake mwenyewe, hata mifupa hiyo ikavunjika kwa kuruka kutoka kitini. Maini yakitolewa kila siku kwa wingi huleta vitamini A kupita kiasi, na mifupa ya shingo hushikana hata mnyama akashindwa kujilamba. Samaki nao wana mtego wao: baadhi yao, kama jamii ya heringi na karpu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa samaki hao wabichi siku nyingi huinamisha kichwa, huyumba na kupatwa na degedege. Kimeng'enya hicho huvunjwa na moto. Hapa aliyeshtakiwa ndiye mwokozi.

Faida za nyama mbichi zipo na hazina haja ya kufichwa. Ina maji mengi, nalo ni jambo jema kwa mnyama ambaye asili yake ni nchi kame na hana mazoea ya kunywa sana, haina wanga, na paka huipenda. Lakini nyama iliyopikwa kidogo na kutolewa pamoja na mchuzi wake ina sifa hizo karibu zote. Kinachobaki upande wa nyama mbichi peke yake ni vijidudu.

Vijidudu hivyo si tishio la kubuniwa. Nchini Uingereza, taarifa ya mwaka 2019 ilieleza juu ya paka wa ndani walioambukizwa kifua kikuu cha ng'ombe, na uchunguzi ukaelekea kwenye chakula cha nyama mbichi ya kulungu. Mwezi Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, paka alikufa kwa mafua ya ndege aina ya H5N1, na virusi vyake vikalingana na vile vilivyokutwa katika nyama mbichi ya bata mzinga aliyolishwa. Nyama hiyo ilikuwa imegandishwa. Anayedhani kwamba barafu hufanya kazi ya moto na alikumbuke hilo. Salmonela nayo hustahimili baridi ya friji.

Kwa hiyo haielekei kuwa busara kumpa paka wa nyumbani nyama mbichi, hasa palipo na watoto wadogo, wazee au mama mjamzito. Ipikwe, mchuzi usimwagwe, kipande cha moyo kiongezwe, ini liwe dogo na si la kila siku, na kalsiamu ipatikane kwa unga wa maganda ya mayai au dagaa waliopikwa wazima. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe, kwani huvunjika kwa ncha kali.

Kuhusu mama mjamzito liko neno moja zaidi. Paka anaweza kupata kimelea cha toksoplazma katika nyama mbichi au kwa panya aliyemkamata, akatoa mayai yake kwa mamilioni katika kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Mama akiambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kimelea kinaweza kudhuru macho na ubongo wa mtoto. Hakuna haja ya kumfukuza paka, maana watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Mtu mwingine wa nyumbani azoe kinyesi kila siku bila kukosa, kwa sababu mayai hayo yakisha kutoka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza.