Waingereza wa Mbale Tuwachunguze Wenyewe

Mwaka jana nilipeleka pendekezo la utafiti kwa mhadhiri ninayemheshimu sana. Nilitaka kuandika historia ya Waingereza walioishi Mbale: maofisa, wamisionari, wake zao, pamoja na watu wetu waliowapikia na kuwafulia. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza, "Wazungu tena? Hawajaandikwa vya kutosha?" Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa karibu akaongeza kwamba utafiti wa namna hiyo ni utumwa wa akili. Nikarudi chumbani na karatasi zangu. Makala haya ni jibu langu kwa wote wawili, nami nalitoa kwa heshima.

Kwanza, si kweli kwamba wameandikwa vya kutosha. Walioandikwa ni wakubwa wao. Kila mwanafunzi wa Uganda anajua kuwa Speke alifika Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, mwaka 1862. Tunajua kuwa Malkia Elizabeth alikuja kufungua bwawa la Owen Falls mwaka 1954. Kuhusu Mbale tunasoma habari za Semei Kakungulu, Muganda aliyewafungulia Waingereza njia ya mashariki, akajenga makao yake chini ya mlima Wanale, na mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya iliyopo hadi leo. Lakini Mwingereza wa kawaida wa Mbale yuko wapi? Bwana kilimo, nesi, mwalimu wa shule ya misheni? Wametuachia majina ya mitaa tu. Tunapita Senior Quarters, tunapita Indian Quarters, wala hatuulizi ni nani aliyeugawa mji hivyo, na Mwafrika alitakiwa alale wapi.

Pili, tuwatazame Waingereza kwao. Makanisa yao yalianza kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ya kila parokia mwaka 1538. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Leicester kilifungua idara ya historia ya mitaa na vijiji vya England, chini ya W. G. Hoskins. Mwanazuoni huyo alifundisha kwamba historia haianzi kwa mfalme. Inaanza kwenye ua wa shamba, njia ya ng'ombe na msingi wa nyumba iliyobomoka, na mtafiti sharti atembee kwa miguu. Kijiji kidogo kule kinaweza kuwa na kitabu chake. Mbale imepewa hadhi ya jiji mwaka 2020, nasi wanafunzi wake hatuwezi kueleza nyumba moja ya zamani ilijengwa na nani. Kuna watakaosema mbinu hiyo ni ya Mwingereza. Jembe halimwulizi mkulima kabila lake. Tulichukue, tulime shamba letu.

Tatu, tuna kitu ambacho mtafiti wa Leicester hana, nacho ni lugha. Mmisionari J. B. Purvis alichapisha sarufi ya Lumasaba mwaka 1907. Kiganda kilitumika makanisani na katika utawala, kwa sababu ya watu wa Kakungulu. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, wafanyabiashara na jikoni. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na wamisionari wengi pia. Darasani tunafundishwa mgogoro huo kama siasa za wakubwa. Hakuna anayetuuliza mke wa ofisa wa Mbale alimwagizaje mpishi wake chai, kwa Kiswahili gani, na mpishi alimjibu vipi.

Nauliza kwa sababu mpishi mmoja alikuwa babu yangu. Alifanya kazi Senior Quarters miaka ya 1950, akilala katika vile vyumba vya nyuma ambavyo Uganda tunaviita boizi kota. Bibi yangu anasimulia kwamba wapishi wa mtaa ule walimpa bwana yake jina la Kigisu, na bwana alipolisikia alitabasamu, akidhani anasifiwa. Nilimwomba bibi anitajie jina hilo. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nakumbuka tulivyocheka. Jina lenyewe limenitoka." Babu amefariki, na wenzake wa boizi kota pia. Jina hilo halimo katika jalada lolote, Kampala wala London.

Hapa ndipo penye uchungu. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, sasa amepita 80. Karatasi nazo zinakwisha. Jinja wana bahati, kwa sababu majalada ya wilaya yao yamepangwa na kuorodheshwa. Mimi niliwahi kununua njugu zilizofungwa katika karatasi ya zamani yenye muhuri wa serikali na orodha ya mishahara ya vibarua. Muuzaji hakujua ilikotoka.

Nakubali kwamba hoja ya mwenzangu ina uzito. Yapo maandishi yanayomkumbuka mkoloni kwa maua ya bustani yake na chai ya saa kumi. Sitaki kuandika hivyo. Nataka kujua mshahara wa mtunza bustani, na ardhi ya bustani ilikuwa ya ukoo gani. Ukimwacha aliyekutawala ajiandike peke yake, atajiandika kuwa mfadhili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja. Je, mwenyeji alipona? Hilo ndilo swali la utafiti, na hatuwezi kulijibu bila kumchunguza mgeni mwenyewe.

Kwa hiyo, wahadhiri wetu, tunaomba masimulizi ya wazee, yakiwa kwa Kiswahili au Lumasaba, yahesabiwe kuwa ushahidi kamili, yapimwe kwa ukali uleule unaopimia barua ya gavana. Nanyi wanafunzi wenzangu, likizo hii kila mmoja achague mtaa mmoja na mzee mmoja. Mwulize nani aliishi pale, nani alimpikia, na aliitwaje nyuma ya mgongo wake.

Muhula ujao nitalipeleka pendekezo langu tena. Kabla ya hapo nitarudi kwa bibi, maana yeye bado yupo, na huenda jina lile likamrudia.