Kabla ya Kununua Kamera Mpya, Tuijue Hii Tuliyonayo

Msimu wa mahafali ukikaribia, wimbo ni uleule: kamera za serikali ya wanafunzi zimechoka, tununue mpya. Wengine wako tayari hata kumega boom wakasake ya mtumba Kariakoo. Mimi napinga. Zipo picha zinazoharibika kwa sababu mkono umetikisika, sawa. Lakini nyingi zinatoka na ukungu kwa sababu tumeiachia kamera iamue yenyewe imtazame nani.

Tuelewane kwanza. Otofokasi ni ule uwezo wa lenzi kujirekebisha ili kitu kionekane vizuri. Haijui kwamba huyu ni mhitimu na lile ni shada la plastiki. Ukichungulia kwenye kidirisha cha DSLR unaona vidoti. Hapo ndipo kamera inapopimia. Ukiiacha ichague kidoti yenyewe, mara nyingi inakamata kitu kilicho karibu zaidi. Ndiyo maana shada linatoka safi, sura ya mwenye shada imefifia.

Mtu wa Katavi ataelewa haraka. Ingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, umkute simba kalala nyuma ya nyasi. Kamera iliyoachiwa uhuru itakuletea nyasi safi kabisa, simba kama kivuli. Aliyechagua kidoti kimoja akakiweka kwenye jicho ndiye anayerudi na simba.

La pili ni mwendo. Kwenye Canon kuna One Shot na AI Servo. Nikon wanaziita AF-S na AF-C. Ya kwanza ni ya kitu kilichotulia: bonyeza kitufe nusu, lenzi inapima mara moja na kubaki hapohapo. Ya pili inaendelea kukifuata kitu muda wote unaoshikilia kitufe. Viboko wa Mto Katuma wakati wa kiangazi, wakiwa wamejilalia kwenye tope, One Shot inatosha. Wakianza kufukuzana, hamia AI Servo. Kwetu ni hivyohivyo: mhitimu aliyesimama na wazazi ni One Shot, maandamano ya kuingia ukumbini ni AI Servo.

La tatu ni mwanga. Otofokasi hutafuta mahali weusi na weupe vinapokutana. Elekeza kidoti katikati ya joho jeusi kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, lenzi itahangaika mbele na nyuma bila kutulia. Kipeleke kwenye jicho, pale weupe unapokutana na mboni.

Najua kuna atakayesema kamera mpya zisizo na kioo zinatambua macho zenyewe. Kweli, nyingi zinafanya hivyo. Lakini wakisimama watu 20 mbele yako, bado lazima uiambie kamera ni jicho la nani.

Kwa nini nisumbuke na vidoti? Nimefanya BTP Mpanda na nimekaribishwa kwenye sebule za watu. Picha ya joho ndiyo inayotundikwa ukutani, mahali ambapo kila mgeni ataiona. Mzazi ambaye hakuweza kupanda treni mpaka Tabora na kuunganisha safari, picha hiyo ndiyo mahafali yake. Ukimpelekea yenye ukungu, hakuna siku ya kurudia.

Sisi wa ualimu tunalijua hili: zana nzuri haimsaidii mwalimu asiyejua kuitumia. Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Kabla ya kupitisha bajeti ya kamera, tengeni Jumamosi moja. Wenye kamera waje nazo, wachague kidoti kimoja, wampige picha mtu aliyesimama, kisha wapige bodaboda inayopita getini. Haigharimu chochote. Picha zikiendelea kutoka na ukungu baada ya hapo, nitakuwa wa kwanza kuchangia kamera mpya.